Kodiani Tu, Trevor

"Chenye waya, chenye tundu, chenye ngozi, nileteeni! Kabla kikapu cha sadaka hakijafika benchi la nyuma nitakuwa nimeshakipiga!"

Hivyo ndivyo Trevor Onyango alivyojitangaza mbele ya kwaya nzima kwenye makanisa ya Mesaimeer, huko Uarabuni, Ijumaa moja ya mwaka 2009, shati la misa juu, suruali ya ulinzi chini. Mama Pamela, kiongozi wa kwaya, alimtazama mpaka viatuni. "Mwanangu, hata kinanda chetu huwa kinapumzika. Keti."

Kuketi ndiko kulikomshinda tangu Kisumu. Babu yake mzaa baba alikuwa Mwairishi wa reli, aliyekwenda zake akaacha mimba, fidla na nyimbo chache za kwao. Mimba ikawa babake Trevor. Fidla ikachukuliwa na wajomba wa huyo mtoto, wapiga orutu, ile fidla ya Kijaluo ya waya mmoja, nao wakaitia adabu: ikawa inaegemezwa tumboni, si kidevuni. Trevor akairithi hivyohivyo. Akaongeza kodiani, filimbi ya bati, banjo na ngoma, na kila kimoja alikiacha katikati ya wimbo akimbilie kingine.

Sasa alikuwa akilinda mlango wa jengo refu West Bay, kutwa nzima, mlango ambao haujawahi kujaribu kutoroka.

"Nitaoza pale," alimwambia Athumani, dereva kutoka Tanga aliyekuwa akilala naye chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud.

"Huozi, kaka. Kiyoyozi chenu ni kikali."

Mwaka 2011 bahati ikamwona. Fiona, nesi Mwairishi mwenye bendi yake, alikuwa akipiga kila Alhamisi kwenye hoteli moja ya jirani. Mpiga kodiani wake alikuwa amerudi kwao. Akamsikia Trevor akipuliza filimbi nyuma ya maegesho wakati wa mapumziko, muziki wa kwao Fiona kabisa, ila na kiuno cha Kisumu.

"Meneja wa hoteli yuko tayari kukuajiri," Fiona alimwambia. "Ukimridhisha Alhamisi, ataongea na kampuni yako ikuachie. Unavua sare. Ila kwetu wimbo tunauzunguka mara tatu, wote pamoja, mpaka niseme 'Hap!' ndipo tunahamia mwingine. Na wewe ni kodiani. Kodiani tu."

"Kodiani tu," Trevor akaitikia kama bwana harusi.

Alhamisi jioni, mzunguko wa kwanza alitulia, meneja akatabasamu. Wa pili, goti likaanza kumchezacheza. Wa tatu, jamani, yaleyale tena? Mkono wake ulilelewa na benga, muziki wa magitaa wa Kijaluo, ambako wimbo ukifika katikati waimbaji hunyamaza, gitaa likachomoka mbio na hakuna anayebaki kitini. Yeye aliona katikati imeshapita na hawa watu wamekaa tu. Akaiweka kodiani sakafuni, akaitoa fidla yake chini ya kiti, akaibana tumboni, akachomoka.

Wairimu, mhudumu kutoka Nyeri, aliweka trei chini. "Hapo sasa! Hapo ndio kusema!" Waganda wawili wa jikoni wakatoka wakicheza na aproni zao. Bia zikapata joto, bili hazikupelekwa. Fiona akaita "Hap!", akarudia, akarudia tena. Hakuna aliyehapika.

"Nani anahudumia meza?" meneja akauliza. Habari za kumwajiri Trevor hakuzigusa tena.

Huko nje Fiona alikuwa na machozi ya hasira. "Mzunguko mmoja tu! Ungevumilia mmoja!"

"Ningekufa, sista."

"Usingekufa. Ungevua sare."

Alfajiri iliyofuata Trevor alikuwa mlangoni, amechomekea sare.

Alihangaika. Bendi ya Wafilipino ikamtaka asome nota, akadumu wiki mbili. Wasudani wapiga udi walimpenda, mpaka alipowaletea banjo. Kisha mwaka 2014 Wairimu akapata mchumba, akamfuata Trevor palepale mlangoni.

"Wee Trevor, ile maneno ya siku ile, unaweza kuirudia bila bosi?"

"Na vyombo vyote?"

"Leta hata sufuria."

Siku ya harusi akapiga peke yake, akihama kila alipojisikia, na watu wakahama naye. Zikafuata harusi nyingine, ubatizo, kuagana kwa wanaorudi nyumbani. Kampuni haikumwachia, mwaka 2017 bado analinda mlango uleule siku sita, na ya saba haonekani. Kumwita Ijumaa ni riyali mia tatu, teksi kando.