Mguu Wangu Naupenda

Kazi yangu ya kwanza nzuri ilianza na neno moja la Kiingereza, "prefer". Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mhudumu mpya katika lodge moja juu ya mji wa Karatu, kwenye barabara inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Aliyetufundisha alikuwa meneja wa chakula, mama wa Kichaga aliyehamia Karatu miaka mingi kabla yetu, ambaye macho yake hayakukosa doa kwenye kitambaa cha meza. Mchana, wageni wakiwa bado huko kreta wakitazama wanyama, alitupanga mstari mmoja, akashika buli la chai mkono huu na la kahawa mkono ule.

"Mnamuulizaje mgeni?"

"Do you like tea or coffee?" tukajibu kwa pamoja, kama shule ya msingi.

Akaweka mabuli chini. "Hapana. Ukimwambia do you like, unamuuliza habari za moyo wake. Anaweza kupenda vyote viwili, anaweza asipende hata kimoja, na wewe umesimama hapo hujui umimine nini. Mwambie would you prefer. Hapo umemtaka achague. Kimoja kinabaki mezani, kingine kinarudi jikoni."

Alitufundisha pia kwamba mgeni akisema "I'd prefer you to knock first", yaani angependelea tupige hodi kwanza, tusidhani anatupa nafasi ya kufikiri. "Hiyo ni amri," alisema, "ila imevaa nguo za kanisani."

Nililipenda neno lile. Nyumbani kwetu Mbulumbulu hatukuwa na mahali pa kuliweka. Kupenda kulitutosha kwa kila kitu: tulimpenda Mungu, tulimpenda ng'ombe mwenye maziwa mengi, tulipenda makande. Kupendelea lilikuwa neno la lawama. Ukisema baba anampendelea kaka, umeanzisha ugomvi. Hakuna aliyekaa mezani akaulizwa anapendelea nini. Kilichopikwa ndicho kilicholiwa. Baba yangu, aliyelima ngano na maharage maisha yake yote, sidhani kama aliwahi kuulizwa.

Aliulizwa mara moja, na aliyemuuliza ni mimi.

Baba alikuwa na sukari kwa miaka mingi. Msimu wa palizi buti lake la mpira lilimkwaruza kidole cha mguu wa kushoto, naye akakificha kidonda ndani ya soksi hadi harufu ilipomsema. Mama aliponipigia simu kidole kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Tulimfikisha hospitali, akalazwa, na siku ya nne daktari akaja kitandani. Alikuwa mzungu, amekuja kusaidia kwa miezi michache, mpole, amechoka, Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Nesi aliyekuwa akimtafsiria alikuwa ameitwa ghafla wodi ya wazazi. Daktari akanigeukia mimi, kwa kuwa asubuhi alinisikia nikimsalimu kwa Kiingereza kizuri.

Alinieleza polepole. Mguu ukikatwa chini ya goti, mzee ana nafasi nzuri ya kuishi. Usipokatwa, watasafisha na kumpa dawa, lakini sumu inaweza kupanda. Kisha akasema, "Please ask him which he would prefer."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono wake juu ya blanketi. Mimi niliinama karibu na sikio la baba. Nilianza kwa lugha yetu ya nyumbani, nikachanganya na Kiswahili. Nilimwambia daktari anataka kukata mguu. Nikamwambia kuna njia nyingine ya kusafisha na dawa. Habari ya sumu nadhani niliitaja. Nimeirudia saa ile mara nyingi mno; siku nyingine naisikia sauti yangu ikiisema, siku nyingine siisikii.

"Baba, wewe unapenda nini?" nikamalizia.

Alimwangalia daktari, si mimi. Akajibu kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia kanisani na ofisini, lugha yake ya heshima.

"Mguu wangu naupenda," alisema. Kisha akanyamaza, kama mtu ambaye hajamaliza.

Sikumngoja. Niligeuka nikamwambia daktari, "He prefers to keep his leg."

Daktari akatikisa kichwa taratibu, akaandika. Nesi aliporudi, akasoma, akanivuta hadi mlangoni akaniuliza, "Dada, mzee amekataa?"

"Ndiyo," nikasema. "Amependelea hivyo."

Baba akapewa wino, akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi ambayo hakuna aliyemsomea.

Siku mbili baadaye tulirudi naye Mbulumbulu, tukiwa na dawa na tarehe ya kwenda kufungua bandeji. Niliomba ruhusa ya wiki moja kazini. Siku ya tatu, nikimwosha miguu mlangoni penye jua, aliniuliza, "Tunarudi lini hospitali, mama?" Alipenda kuniita mama.

"Jumatatu, baba. Wakabadilishe bandeji."

"Bandeji tu?"

"Bandeji tu."

Aliniangalia kwa muda. Halafu akaangalia shamba. Nilikamua kitambaa, nikaendelea kuosha.

Jumamosi ilinyesha, na barabara ya kwetu ikinyeshewa huwa utelezi mtupu. Gari haliwezi kupanda wala kushuka. Jumapili homa ilimshika akaanza kuongea na watu waliokufa zamani. Majirani walitengeneza machela, wakambeba hadi njia kuu. Alifariki kabla hatujaifikia Karatu.

Msibani watu walinisifu. Walisema mzee alibahatika kuwa na binti anayejua kuongea na madaktari. Nilipokea sifa hizo nikiwa nimeinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Nilirudi kazini. Mwaka ule nikapandishwa kuwa kiongozi wa wahudumu, cheo nilichokuwa nikikingoja tangu kabla ya kidonda cha baba. Kila asubuhi nilizunguka meza kwa meza na swali lile lile. Kwa muda mrefu halikunisumbua. Nilikuwa na jibu langu tayari: mzee mwenyewe alichagua, mimi nilikuwa mdomo tu.

Kisha asubuhi moja, miaka mitatu baadaye, alikuja mgeni mzee wa kike, mkongojo umeegemea kiti, uso wake umekunjamana vizuri. Nikamuuliza kama angependelea chai au kahawa. Akacheka kidogo. Akasema chai ndiyo anayoipenda, ameipenda tangu utotoni. "I love tea," alisema. "But I'd prefer coffee this morning." Safari ilikuwa ndefu mbele yake, alitaka kukaa macho njiani.

Nilibaki nimesimama. Anapenda chai. Anachagua kahawa. Alisema yote mawili kwa pumzi moja, bila taabu, na hakukuwa na mgongano wowote. Nilimimina kahawa ikafurika kwenye kisahani, ikafika kwenye kitambaa, ikamfikia yeye mapajani. Niliomba msamaha, nikaenda nyuma ya stoo ya jikoni nikaegemea ukuta. Pale nilimsikia baba waziwazi kama nilivyomsikia wodini, na safari hii nilisikia pia ule ukimya uliofuata, nafasi niliyomnyima. Mguu wangu naupenda. Na baadaye? Lakini? Hata hivyo? Alitaka kusema nini?

Tangu siku hiyo hakunyamaza. Mgeni aliponijibu "tea, please", nilimsikia baba akijibu nyuma yake. Wakati mwingine, korido ikiwa tupu, nilisikia buti la mpira likiburutwa juu ya vigae, nikageuka nikakuta hakuna mtu.

Mwishowe nilipanda nyumbani kumuuliza mama. Nilimkuta nje amekaa na ungo, anachambua maharage. Nilimwamkia, nikakaa, nikachukua konzi moja nikaanza kuchambua pamoja naye.

"Mama, baba alikataa kukatwa?"

Hakuinua uso. "Alisema anaupenda mguu wake."

"Hilo nalijua. Nauliza kama alikataa."

"Baba yako akikataa kitu alisema hapana. Ulishawahi kumsikia akizungukazunguka?" Alitupa jiwe dogo pembeni. "Na nani asiyeupenda mguu wake?"

Nilirudisha maharage kwenye ungo. "Ulijua siku ile ile kwamba hakukataa?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilimwona kichwani mwangu akitambaa kwenye hii miteremko, kwenye tope, mtu aliyekuwa akilima ekari nzima. Sikutaka kumwona hivyo. Wewe uliposema kile ulichosema kwa daktari, nikaona sura ya daktari, nikajua umesema asikatwe. Nikashukuru."

Ndipo nilipomwambia langu, ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata kwenye sala. Kwamba nilipoinama pale kitandani nilikuwa tayari nimeshafikiri. Baba wa mguu mmoja angehitaji mtu nyumbani, na mtu huyo angekuwa mimi. Kaka alikuwa na familia yake mbali. Ningekiacha cheo kabla sijakipata. Sikupanga kudanganya. Lakini baba aliponipa sentensi yenye milango miwili, niliingia mlango nilioutaka mimi, haraka, kabla hajaufunga.

Mama aliacha kuchambua. Nilidhani atanipiga, au atalia. Akasema, "Siku ile ulipomwosha, ukaenda kumwaga maji, aliniita. Akaniuliza kama wewe ulimweleza daktari vizuri."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ndiyo. Akasema, basi, mtoto anajua."

Tulichambua hadi ungo ulipoisha. Mama aliingia ndani kubandika chungu, nami nikamfuata kukoleza moto.

Bado nafanya kazi Karatu. Siku hizi mimi ndiye ninayewafundisha wahudumu wapya, nami nawafundisha vizuri, maana neno halina kosa. Hospitali pia huniita pale mkalimani wao anapokosekana. Mara ya kwanza nilikataa, mara ya pili nikaenda. Mwezi uliopita alikuwapo mzee wa Kimaasai kutoka Olbalbal, aliyekuja na mwanawe mkubwa, na daktari alimtaka achague kati ya upasuaji na kurudi nyumbani. Mwanawe alikuwa akinitafsiria Kimaasai kwa Kiswahili, nami nikitafsiri Kiswahili kwa Kiingereza. Nilimwomba amuulize baba yake anachokichagua. Nikamwomba amuulize anachokiacha. Kisha nikamwomba amuulize tena tangu mwanzo.

Mwanawe akakasirika. "Dada, mzee ameshajibu. Atapasuliwa tumbo. Unataka aseme mara ngapi?"

"Nataka nisikie akimaliza kuongea," nikamwambia.

Mzee alituangalia sote wawili, akavuta shuka lake begani, akaongea tena, safari hii kwa urefu, huku daktari akingoja na kalamu mkononi. Mwanawe alisikiliza hadi mwisho. Akaniambia ni yale yale.

Nilitafsiri. Daktari akaandika. Nilitoka nikasimama uani karibu na mahali ndugu wa wagonjwa wanapofulia, na sikuwa na hakika kama kweli yalikuwa yale yale.