Debe la Mama Mkwe na Ndege wa Kisiwani

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Nilikizunguka nikapata hatua mia tatu kumi na mbili, nikarudia upande wa pili nikapata mia tatu na nane. Kipo pale mto wa msimu unapoingia bwawani, nusu saa kwa pikipiki kutoka Dodoma mjini. Mama mkwe wangu alilima uwele pale miaka yote, akivuka maji ya kiunoni. Kijiji kilipotaka kukiacha kiwe cha ndege, mama akanituma mimi, muuza nyanya, nikapatane na viongozi. Niliomba mashamba mawili nchi kavu, wakanipa moja, ila zuri. Sharti: ofisa wa wanyamapori ahesabu kwanza. Ndege wasipofika mia mbili, hakuna shamba, mama arudi majini na magoti yake mabovu.

Siku ya hesabu tulikaa ukingoni, ofisa na darubini, mimi na vidole, mama na debe lake. Korongo, batabukini, mabata. Nikafika mia moja sabini na moja, yeye mia moja sitini na nane.

"Kaka, umeongeza," ofisa akasema.

"Wewe hujaona wale nyuma ya kichuguu."

Hapo kundi la kwelea, vile vindege vinavyokula nafaka, likatua kwenye matete. Mama, aliyekuwa ametulia kama mgeni rasmi, akaruka na debe lake. Ameamia ndege, yaani kuwafukuza shambani, tangu utoto. Mkono haukusubiri ruhusa. Akaligonga. "Haaa! Tokeni! Uwele wa mwaka jana hamjashiba?"

Kisiwa kizima kikapaa.

"Mama!" ofisa akapaza sauti. "Hao ndio tunaowahifadhi!"

"Hata hawa wezi, mwanangu?"

Sikupata nafasi ya kucheka. Matete yalikuwa yameficha korongo wengine, na sasa wote wako juu.

"Hesabu, bosi, kabla hawajatua!"

Nilipata mia mbili thelathini na tano, nikarudia, mia mbili thelathini na moja. Yeye akaandika mia mbili kumi na tisa, bila kuhesabu kwelea. Kwa mara ya kwanza sikubishana.

Siku hizi mama analima shamba jipya, miguu mikavu. Ila debe lisilie karibu na maji: ofisa alitaka hatua mia mbili, mimi hamsini, tukaishia mia. Nilizipima mara mbili, ya pili kwa hatua fupi zaidi. Hata hivyo mistari mitatu ya uwele imeangukia upande wa kimya. Kwelea wakitua hapo, mama husimama mpakani, debe kwapani, akiwatukana kwa kunong'ona.