Buyi ya Mama Furaha na Watoto wa Fereti

Ile sauti bado iko masikioni mwangu: nyembamba, kama kiatu kipya kinachosuguliwa kwenye vigae. Nilidhani ni ndege. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, kwenye nyumba ya kulelea wanyama yatima, huku mtaa wa Overport. Madame msimamizi akafunua blanketi: watoto wanne wa fereti, ndugu wa kicheche, macho hayajafunguka. Mama yao amekufa.

Wewe unayeanza kazi hii, mdogo wangu, usimlaze chali kama mtoto wa mtu. Analala kifudifudi, unamdondoshea maziwa kwa bomba lisilo na sindano. Akipaliwa, yanaingia mapafuni. Halafu unampangusa chini ya mkia kwa pamba ya uvuguvugu, maana hajui kwenda haja mwenyewe. Mama yake angemlamba.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Mama Furaha, Mkongomani aliyeishi mtaa wa Cato Manor, mlezi wa watoto saba. Yale maziwa mepesi yalimsikitisha. Asubuhi moja akayachanganya na buyi, uji laini wa mahindi, kama wanavyowapa wachanga kwao ili washibe. Watatu wakaitema. Kale kadogo kakanywa yote.

Mchana tumbo lake likawa gumu kama kokwa, na hakalii tena. Madame akampigia simu daktari wa mifugo, akarudi uso umemshuka. Fereti ni mla nyama, alituambia, unga hauwezi. Kasipopata choo kabla ya jioni, basi.

Mama Furaha akakaa sakafuni. "Nimeua mtoto wa wenyewe."

"Hujaua, mama. Iko anapumua," nikamjibu nikiiga Kiswahili cha kwao.

"Eish, na wewe unanicheka lugha hata leo?"

Tukacheka kidogo, kisha akashindwa kutazama, akatoka uani. Nikabaki nakapapasa kwa pamba ya moto kiasi, mduara kwa mduara. Nikibonyeza sana nitakaumiza, nikiacha, kanakufa. Jua lilipoanza kuondoka dirishani ukatoka uzi mweusi wa choo, mwembamba. Kakaanza kulia tena.

Sasa nimeacha kazi ile, nasuka nywele mjini, na bado naota nyumba yangu mwenyewe ya wanyama yatima. Kila ninapoiota, hofu ya mchana ule inakuja nayo, wala siifukuzi.

Jioni ile, kabla ya kumwita Mama Furaha kutoka uani, nilipita jikoni. Sufuria ilikuwa na buyi bado. Ningeimwaga, angeiona kwenye pipa na kujilaumu upya. Nikachukua kijiko, nikaila yote nimesimama, imeshapoa.