Novena Iliyovunjwa na Chai

Nilipokuwa mtoto kule Ruiri, kabla watu hawajaanza kumwomba Mungu kwa vidole gumba, mvua ikikataa jumuiya yetu ilifanya novena: siku tisa, nyumba tisa, rozari kila jioni. Sisi watoto tuliipenda kuliko Krismasi. Ukimaliza Salamu Maria hamsini, magoti yamechorwa na changarawe, unapewa chai ya maziwa na mkate. Tulijua kwa nani chai ni nzito, na kwa nani mkate umekatwa mwembamba hadi unamwona jirani upande wa pili. Wakubwa walijua pia, ila wao waliita hiyo ibada.

Mwaka mmoja ukame ulitukaba. Nyumbani ikabaki gorogoro moja ya maharagwe, kopo la kilo mbili tu. Mama akaiweka juu ya kabati, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. "Hiyo ni mbegu. Atakayeigusa atanitambua." Tukawa tunakunywa uji mwepesi tukiyaangalia maharagwe, na Yesu akituangalia sisi.

Siku ya saba ya novena ilikuwa zamu ya Nyanya Karambu, mjane aliyeishi peke yake. Kwake chai ilikuwa turungi, maziwa hakuna na sukari hakuna. Jioni hiyo kila mtu akashikwa na mgongo, au ng'ombe wake akashikwa na tumbo. Tulifika mimi na Mama tu. Tukasali watatu, Nyanya akiongoza kwa Kimeru, polepole, kana kwamba Mungu anaandika.

Kesho yake mwenyekiti wa jumuiya akatangaza, "Novena imevunjika. Siku ya saba haikusaliwa. Tunaanza upya."

Siku tisa zingine za uji, maana hakuna aliyepanda kabla novena haijaisha!

"Ilisaliwa," Mama akasema. "Tulikuwa watatu."

"Mama Mwenda, kiongozi hakuwepo."

"Kwani Mungu alikuwa anakungoja wewe ndiyo afungue masikio?"

Watu wakacheka, halafu wakakumbuka walikuwa wapi jana.

Wakaanza upya, tena kwa mwenye ng'ombe wengi. Sisi tukamalizia siku mbili zetu kwa Nyanya. Asubuhi iliyofuata Mama akashusha gorogoro, akapanda kwenye udongo mkavu kama majivu. Nililia. "Mama, na isiponyesha?"

"Basi tutalala njaa tukiwa tumepanda."

Mvua ilichelewa wiki mbili. Kwale walifukua nusu, nusu ikaota. Wenzetu walishakula mbegu zao wakisubiri novena ikamilike vizuri. Mama aliwagawia mavuno bila kuwasema. Mimi niliwasema.

Siku hizi jumuiya iko kwenye simu. Vijana wenzangu wanasali jicho moja likiwa wazi, wasije wakapitwa na ujumbe. Juzi niliandika kwenye kundi kwamba nimepoteza kibarua. Amina zilimiminika kabla sijarudisha simu mfukoni, moja ya mtu aliyekuwa anauza kuku hapo hapo. Mungu husikia hata hizo, naamini, na kesho natoka tena kutafuta kazi. Lakini chumba changu hapa Majimbo, Embu, tangu nikipange, sakafu yake haijaguswa na goti lingine ila langu.