Azana Mbili za Mingoyo

Shangazi yangu alikuja kutoka Nyangamara kwa hitima ya baba, na alinitaka jambo moja tu: nimwonyeshe kaka yake. Hakuwahi mazishini. Mimi pia sikuwahi. Nilikuwa Tunduma, katika ile tabia yangu ya kuhama mji hadi mji. Lakini nilikuwa na video fupi niliyoirekodi zamani, baba akianika korosho uani. Macho ya shangazi yana mtoto wa jicho, na kwenye simu aliona mwanga tu. Kwenye televisheni ya dada yangu, pale Mingoyo, huenda angeona.

Televisheni ilikataa kulisoma lile faili la zamani, nikaiunganisha na kompyuta yangu ya mezani. Natumia Linux, niliyoizoea nilipokuwa nachapa barua za watu dukani. Kadi ya picha, ile inayochora kila kitu kwenye skrini, nilikuwa nimeibadilisha siku chache kabla ya safari. Bila draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, maandishi yalisomeka vizuri, lakini picha yoyote ilikuwa michirizi mitupu. Na gari la kumrudisha shangazi lingeondoka njia panda baada ya swala ya alasiri.

Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa. Mchana nikaanza kuisakinisha draiva. Mistari ilikuwa inapanda kwenye skrini, imebaki kidogo, muadhini akaanza kuadhini adhuhuri.

"Azana hiyo! Zima!" dada aliita kutoka jikoni, sauti ile ile ya baba. Nyumbani kwetu redio haikuthubutu kushindana na azana. Mkono wangu ulifika kwenye swichi ya ekstensheni kabla ya akili. Televisheni ikazimika, na kompyuta, iliyochomekwa hapo hapo, ikazimika nayo, draiva ikiwa nusu.

Nilipoiwasha tena, skrini ilikuwa nyeusi kama chungu.

"Umezunguka nchi nzima, kaka," dada alisema akifuta mikono, "umeturudia na sanduku la giza."

Niliwasha na kuzima mara nne. Mara ya tano nikapata njia ya kuingilia ya dharura, maandishi meupe tu. Nikafuta mabaki ya draiva, yakagoma kufutika. Nikayafuta moja moja, nikiogopa kila nilichofuta kwamba ndicho kinachoibeba mashine nzima. Kisha ikabidi kuipakua upya kwa simu. Mtandao ukawa unatambaa. Niliisimamisha simu dirishani, nikaihamishia juu ya kabati, nikairudisha dirishani. Jasho lilikuwa linadondokea vitufe.

Shangazi alikaa mkekani, kikapu mapajani, kanga ya safari amekwisha kujifunga.

"Bado, baba?"

"Bado kidogo, shangazi."

"Wewe na bado kidogo yako. Hata ulipoondoka hapa ulisema utarudi bado kidogo."

Kivuli cha mkorosho kilikuwa kimefika ukutani mistari ilipoacha kupanda. Nikawasha upya. Giza. Giza. Nikahesabu pumzi. Kisha rangi ikaja, safi, bila mchirizi hata mmoja, na nikaifungua video. Baba akatoka mlangoni na ungo wake.

"Yuko wapi?" shangazi aliuliza, shingo ameinyoosha. "Naona kitu kinapita."

Hapo ikaanza azana ya alasiri.

Dada alinyoosha mkono kwenye swichi. Nikaushika. Nilibonyeza kitufe kimoja tu, baba akasimama katikati ya ua, sauti ikakatika, uso ametugeuzia. Shangazi aliweka kikapu chini, akasogea kwa magoti hadi pua ikakaribia kioo, akatulia pale azana nzima.

Ilipokwisha nikasogeza kidole nimwendeshe baba.

"Mwache hapo hapo," alisema. "Akitembea ananipotea."

Njia panda gari lilipiga honi. Dada alileta maji ya udhu, akayaweka karibu yake.

"Shangazi, swala. Na gari hilo."

"Naja," alisema, na hakugeuka.