Nusu ya Kanali

Enid Raistrick hakupenda watu, na sisi watu wa Thorngill tulimrudishia bila kubakiza. Alipika jikoni mwa shule yetu mpaka akastaafu, na sote tulikula kabeji yake iliyochemshwa hadi ikapoteza jina, tukimwogopa yeye kuliko mwalimu mkuu. Hakuolewa. Alibaki katika nusu ya nyumba ya baba yake, nyumba ya mawe iliyokatwa katikati kwa ukuta, na katika nusu ya pili alikaa kaka yake Clifford. Uwanja wa mbele ulikuwa wao wote wawili, na farasi pia. Mengine yote walikuwa wameshayagombania na kuyamaliza.

Farasi huyo aliitwa Kanali. Kila Jumamosi ya majira ya baridi Clifford alimpanda, akawafuata mbwa wa msako wa mbweha juu milimani. Siku nyingine zote Enid ndiye aliyemlisha, akampiga brashi, akamtukana. Hakuna binadamu aliyewahi kupata kwake matusi kama yale, maana yalikuwa na joto.

Sasa Kanali alikuwa mzee. Magoti yamevimba, na hakuthubutu kulala chini kwa kutojua kama angeweza kuinuka. Alisinzia amesimama, akiyumba, ukungu wa Novemba ukimpanda miguuni kama maji. Daktari wa mifugo akasema barafu isimkute hai.

Hapo vita vikaanza. Kuhusu kifo chake hawakubishana. Waligombania mwili.

Kwetu, farasi wa msako akichoka, mtunza mbwa huja na bastola, na nyama huenda kwa mbwa. Ndivyo alivyokwenda farasi wa baba yao, na wa babu yao. Wenyewe huona ni heshima: aliyekimbia na mbwa ataendelea kukimbia ndani yao. Clifford aliyaamini hayo kama wengine wanavyoamini ufufuo. Enid aliona ni uroho uliovikwa koti zuri.

"Amekubeba mgongoni miaka yote hiyo, leo umkatekate?" alimfokea kupitia dirisha la jikoni.

"Afadhali mimi namkatia wenye njaa. Wewe unataka kumfanya jivu la sigara."

Enid akafunga dirisha, akapiga simu bonde la pili, mahali wanapochoma maiti za wanyama. Akapokea mwanamke mwenye sauti laini kama siagi.

"Pole sana, mama. Mpendwa wako amekaribia kuvuka?"

"Havuki popote. Ni farasi, anakufa. Mnamchoma peke yake au mnamchanganya?"

"Peke yake ukitaka, na majivu yote tutaku—"

"Nataka. Na nikikuta humo kiganja kimoja cha farasi wa mtu mwingine, nitajua."

"Utajuaje, mama?"

"Nitajua."

Mambo yakapangwa. Fundi wa kwato aje siku moja kabla kung'oa viatu vya chuma. Nywele za mkia zikatwe mapema, zisukwe. Lori la kumbeba, lenye winchi ya kumvutia juu, lisingeweza kuingia shambani kwenye tope, kwa hiyo Kanali angefia uwanjani, juu ya mawe, chini ya dirisha la Clifford. Na afe kwa sindano, si kwa risasi. Sababu yake kila mtu aliijua: nyama yenye dawa ile huua mbwa. Sindano ikishaingia, mbwa wamekosa.

Clifford naye alizijua hesabu hizo. Asubuhi ile Dokta Anwen wa mifugo alipofika na mkoba wake, lori limeshaegeshwa uwanjani, alimkuta Garth, mtunza mbwa, ameegemea gari lake, bastola mfukoni.

"Rudi kwa mbwa wako, Garth," Enid akasema, ameshika hatamu.

"Nimeitwa, bibie."

"Na mjinga."

"Na mwenye farasi," Clifford akasema akitoka mlangoni. "Nilikuwa mgongoni mwake wakati wewe unaunguza viazi."

Dokta Anwen akawatazama wote wawili. "Simgusi mpaka mkubaliane. Na Garth pia hamgusi. Ni wenu nyote wawili."

Wakasimama hivyo, pumzi zao zikifuka kwenye baridi. Kanali akachoka kungoja. Akageuza mguu atafute pa kuegemea, kwato zisizo na viatu zikateleza kwenye mawe yenye umande ulioganda, akaanguka kwa ubavu. Alijaribu kuinuka. Akajaribu tena. Sauti aliyotoa sitaki kuieleza.

Garth alikuwa mbali kidogo, upande wa pili wa lori. Daktari alikuwa pale pale, hatua moja.

"Mpige sindano!" Clifford akapiga kelele. "Mpige, binti, unangoja nini?"

Ikaingia. Ilipokwisha, Clifford alikuwa amepiga magoti kwenye barafu, kichwa cha farasi mapajani.

"Nusu yake yangu," akasema bila kuinua uso. "Hata ukimfanya nini."

Enid alikwenda kumleta punda aliyekaa na Kanali shambani, akamwacha amnuse mpaka atosheke. Mnyama asiyemwona mwenzake amekufa humwita langoni wiki nzima.

Majivu yalirudi ndani ya sanduku lililobebwa na wanaume wawili. Enid akaliweka uwanjani, akachukua upawa, akagawa: upawa kwako, upawa kwangu. Clifford akaondoka na ndoo zake, moja kwa moja hadi kwa mbwa.

Garth ndiye aliyetusimulia baadaye baani. Clifford alikoroga majivu kwenye uji wa shayiri, akamimina horini. Mbwa wakaja mbio, wakanusa, wakalamba kidogo, wakapiga chafya. Mmoja akainua mguu. Clifford alisimama pale mpaka wa mwisho alipoondoka, kisha akauteka ule uji kwa mikono, akaurudisha kwenye ndoo.

Tulingoja kicheko cha Enid. Badala yake alitoka, akagonga mlango wa kaka yake, mlango ambao hakuwa ameugonga tangu matanga ya baba yao.

"Lete hiyo ndoo."

"Ya nini?"

"Hujui kupika, hujui kuzika. Lete."

Alimwaga ule uji kwenye trei za kuokea, akaukausha ovenini siku nzima, akauponda, akauchekecha. Jioni akagonga tena.

"Shika. Mimi siibi nusu ya mtu."

Clifford akapima ndoo mkononi. "Imepungua."

"Waulize mbwa," Enid akasema, akarudi kwake na kufunga mlango.