Kumuogesha Papa ya Bwana Yangu

Bamama, munaniona nimesimama hapa na mwili munene, musifikiri nilikuwa hivi siku yote. Kuna mwaka nilikuwa ninafunga kikwembe inazunguka mara mbili, na bado inaanguka. Nitaeleza yote bila kuficha, juu kuficha njo ilikaribia kuniua.

Mbele ya ugonjwa nilikuwa mutu wa nguvu na wa mudomo. Tulikaa Kadutu, mimi, bwana yangu Deogratias na batoto yetu babili. Deo alikuwa mupishi kwa Bazungu kule Nyalukemba. Anaenda asubuhi, anarudi jioni. Mimi nilikuwa ninauza sombe, majani ya mihogo, ku soko na kucheka na kila mutu.

Nyuma, papa ya Deo, baba mukwe wangu mwenye tulimuita Muzee, akakuya kukaa kwetu. Bibi yake alikuwa amekufa, na kule kijijini Muzee alianza kupotea mu njia ya shamba yake mwenyewe. Kwanza alisahau majina. Kisha akasahau kama amekula, anamaliza bugali, anasema, "Mu nyumba hii munaninyima chakula." Kisha akasahau choo. Hapo mambo yangu ilianza.

Munajua desturi yetu. Bibi ya mutoto mwanaume haoni mwili ya papa mukwe. Hata kupita mbele yake, unapita kando. Sasa Deo iko ku kazi, Muzee amejichafua, nzi inakuya. Ungefanya nini? Nilifunga mulango na komeo, nikamuogesha nikiangalia ukuta. Kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Yeye alikuwa ananiita Mama, anafikiri mimi ni mama mwenye alimuzaa, hana haya hata kidogo. Haya yote ilibakia kwangu.

Sikumuambia mutu, hata Deo. Akiuliza, "Muzee ameoga?" ninasema, "Ameoga mwenyewe, iko na nguvu." Jirani bakikuya kumusalimia, ninasema amelala. Nilikuwa muongo wa kila saa. Na kila mutu mwenye nilimudanganya, ni mutu mwenye angenisaidia.

Mwili haikudanganyika. Nywele ilikuwa inabakia mu kichanuo. Damu ya mwezi ilikatika miezi tano, na mimba haikukuwa. Mikono ilichubuka na sabuni. Moyo ilipiga mbio nikiwa nimekaa tu, na chakula ikiingia inarudi. Na hasira, bamama. Siku moja nilimupiga Muzee kofi ku mukono, kisha nikalia kuliko yeye. Hiyo sijapata kuisema mbele ya batu mpaka leo.

Asubuhi moja, ninamumwangia maji ku mugongo, nikaona ukuta inageuka. Nikaanguka. Muzee, uchi kabisa, akaanza kuita, "Mama amekufa! Mama amekufa!" Jirani yetu, Mama Feza, alivunja komeo akatukuta vile. Alimufunika Muzee na kikwembe yake, akanitia maji ku uso. Nilipofungua macho, neno ya kwanza nilisema ni, "Usiseme."

Akanijibu, "Nitasema. Wewe unakufa, na mimi ninyamaze?"

Deo alinipeleka ku hospitali ya Katana. Dokta alifinya tumbo, akapima damu, akaona iko kidogo sana.

"Ugonjwa ingine sioni," alisema. "Umechoka mpaka mu mifupa. Kule nyumbani nani anakusaidia?"

"Bote," nikajibu.

Deo alikuwa amesimama pale. Aliangalia chini. "Anadanganya, Dokta. Hakuna mutu."

Nyuma ya siku kidogo, shangazi ya Deo, Nabintu, dada ya Muzee, alikuya na uji ya mutama. Niliposikia sauti yake nilijifunika blanketi mpaka kichwa. Nilijua anakuya kunilaani. Alikaa ku kitanda.

"Nilisikia umemuogesha kaka yangu."

"Unisamehe, Shangazi."

"Nikusamehe nini? Desturi iko kwa ajili ya heshima. Kumuacha mu mavi njo heshima?" Akanivua blanketi ku uso. "Yeye alikusahau juu ya ugonjwa. Sisi tuko bazima, na sisi pia tulikusahau. Kunywa uji."

Alitoka pale, akaita ndugu bote kwetu Kadutu. Aliagiza banaume bagawane siku za kumuogesha: Deo asubuhi mbele ya kazi, mudogo wake siku zingine. Mama Feza naye alikubali kukaa na Muzee saa ya soko.

Mimi nilikaa Katana majuma tatu. Nilimeza dawa ya damu, nilikula maini na mboga ya lengalenga, nilikunywa maziwa, nililala. Lakini kila asubuhi ninamusumbua Dokta aniache niende. Nilikuwa na hakika Muzee atakufa bila mimi.

Nilirudi, nikamukuta inje ya nyumba, amenyolewa, safi, anakula viazi. Deo aliniambia kwamba Muzee hakunitafuta hata siku moja. Bamama, iliniuma. Miaka mbili ya mavi na machozi, na hakunitafuta. Muzee aliniangalia sana.

"Wewe ni nani?"

"Ni bibi ya Deo."

"Karibu, mwana wangu. Unaonekana umechoka. Kaa."

Nikakaa. Alinimegea kiazi yake, na ile siku chakula haikurudi.

Muzee aliishi miaka mingine tatu, na mimi niliishi pamoja naye. Ninamushukuru Mungu, Shangazi, na Mama Feza mwenye hakunyamaza. Na ninaomba neno moja tu. Mukiingia mu nyumba yenye muzee wa vile, musimusalimie yeye peke yake. Mumutafute mwenye anamuogesha. Akisema, "Tuko bazima, hakuna neno," musimuamini. Mumutoe beseni mu mikono.